Mzee wa Lifti na Mafuta ya Shimoni

"Ulisikia ikisimama?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake. Ukitoka kwenye lifti pale chini, hakukuuliza habari za asubuhi wala za nyumbani. Alikuwa amesimama karibu na mlango, koti lake la buluu limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka, akikutazama usoni kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtoto. Ukisema ulisikia, hata kidogo tu, alikunja uso na kupanda hadi chumba cha mota kugombana na breki. Ukisema hukusikia, alitikisa kichwa mara moja akageuka, na kuanzia hapo hukuwa na maana tena kwake mpaka kesho.

Jengo zima lilimwita Mzee wa Lifti. Jina lake nalijua, lakini hata mkewe alipokuja mjini kutoka Kola alisimama mlangoni akauliza kama Mzee wa Lifti yuko, basi na mimi nitamwacha hivyo hivyo. Miaka hiyo ya tisini majengo ya Machakos yenye lifti yalikuwa machache sana, na lifti iliyofanya kazi kila siku ilikuwa kitu cha kusimulia. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya macho, ghorofa ya juu kabisa. Mpaka leo watu huniuliza ni nani alipanga kliniki ya vipofu ikae juu kiasi kile. Sijui. Ninachojua ni kwamba wazee waliotoka Muthetheni na Mwala wakiwa wameshikwa mikono wasingeweza kutufikia bila Mzee yule, naye alilijua hilo na hakutuacha tulisahau.

Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alijisifu. Alisema Nairobi nzima hakuna fundi aliyeweza kuisimamisha lifti kama yeye, na kwamba kama angekubali kubaki huko sasa angekuwa na gari. Siku za Jumatatu gari hilo lilikuwa Peugeot, kufika Ijumaa lilikuwa limeshakuwa Mercedes. Tulimcheka mbele yake na hakujali.

Kichekesho ni kwamba huyu mtu aliyeshughulikia kusimama polepole, mambo yake mengine yote aliyafanya kwa ghafla. Chai aliinywa ikiwa inachemka, kikombe kizima, kisha macho yakamtoka machozi. Mlango aliufunga kwa kishindo. Aliacha sigara siku moja kati ya pafu moja na lingine, akaikanyaga hapo hapo kwenye ngazi, na hakuvuta tena. Alikosana na ndugu yake kwa sababu ya mbuzi aliyekula mahindi, akakaa bila kumsemesha hadi ndugu akahamia Makueni. Mkewe aliniambia kwamba hata kumposa alimposa kwa sentensi moja, kisha akaondoka kabla hajajibiwa.

Lakini mweke mbele ya lifti. Hapo sauti yenyewe ilishuka.

Kitu alichokipenda kuliko vyote hakikuwa mota wala kamba. Kilikuwa chini kabisa, kwenye shimo ambalo abiria hawalioni, chini ya mahali lifti inaposimama. Humo kulikuwa na chuma kinene kilichosimama wima juu ya saruji, na juu yake kichwa cha mpira. Yeye alikiita bafa. Siku nilizokuwa mgeni nilimuuliza kama hicho ndicho kingetuokoa kamba ikikatika, akanitazama kwa huruma.

"Mwiitu, kamba haikatiki," aliniambia. Mwiitu ni binti kwa Kikamba, na aliniita hivyo hata nilipokuwa na binti zangu mwenyewe. "Ziko kamba nyingi pale juu, moja ikichoka zingine zinashika. Na zikikataa zote, iko breki inauma reli. Bafa si ya kifo. Bafa ni ya lifti imepita kidogo mahali pa kusimama. Imesahau tu, kama mtu."

Akaniomba sindano. Nilimpa bomba tupu la kliniki, lisilo na ncha, akalijaza maji kikombeni. "Sukuma kwa nguvu." Nilisukuma, na kidole changu kikakataliwa. "Sasa sukuma pole." Kikaenda. Alieleza kwamba bafa ni hilo hilo, ila limejaa mafuta. Lifti ikiikalia, pistoni inashuka ndani ya mafuta, na mafuta hayana njia ila kupenya kwenye vitundu vidogo ubavuni. Mwanzoni, lifti ikiwa na mbio, vitundu vingi viko wazi. Pistoni inavyoshuka inaviziba kimoja baada ya kingine, njia ya mafuta inakuwa nyembamba, na mbio zinakwisha kwa mpango, bila kumtikisa mtu.

"Si afadhali wangeweka springi?" nilimuuliza.

"Springi!" Alitamka kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. "Springi inakupokea halafu inakutupa tena juu. Mafuta yanakupokea na kukuweka chini. Ndani ya hii bafa iko springi moja tu, kidogo, kazi yake ni kuinua pistoni mzigo ukitoka. Na hiyo haina haraka. Kuna swichi hapo kando. Kama bafa haijarudi juu yote, lifti haiendi popote, hata rais akiwa ndani."

Nilirudi ghorofani nikiwa na bomba la sindano mkononi na wagonjwa wakiniuliza nilikuwa wapi.

Mwaka mmoja ukame ulishika vibaya. Mifereji ya mjini ilikauka, na kila ofisi ikawa na mitungi yake ya plastiki kwenye kona. Kola walikuwa wakichimba mchanga mtoni na kungoja maji yajikusanye. Mzee aliosha mikono kwa maji ya kifuniko cha chupa na akamkaripia kila aliyetumia zaidi. Basi asubuhi moja akafungua shimo la lifti, akakuta maji. Mengi, safi, yamefika nusu ya bafa.

Kwanza aliwashambulia akina mama wa usafi. Aliwaambia wamemwaga maji ya kupigia deki ndani ya shimo lake. Wakaapa si wao, akakataa kusikia. Kumbe si wao kweli. Bomba la tangi la jirani lilikuwa limepasuka chini ya ardhi, na maji yalikuwa yakipenya kwenye ufa wa ukuta. Kabla Mzee hajamaliza kufoka, habari ilikuwa imefika kila ghorofa kwamba jengo letu lina kisima. Watu walishuka na ndoo. Hajji, aliyekuwa na duka la vitambaa pale chini, mtu mpole wa kucheka, alikuja na birika lake la udhu, akachungulia, akasema hiyo ni baraka na isipotee.

"Baraka inakula chuma yangu!" Mzee alisema. "Hii maji ikikaa, pistoni itashika kutu. Ikishika kutu haishuki. Ikikosa kushuka, hiyo si bafa, ni nguzo ya chuma. Utakalia nguzo, Hajji?"

"Mimi sipandi lifti yako, Mzee. Niko chini na Mungu wangu."

"Niletee pampu niyamwage barabarani."

Hapo palizuka kelele. Kumwaga maji Machakos, mwaka ule! Mama mmoja wa usafi alisimama kati yake na shimo akisema ammwage yeye kwanza.  Nilimwona Mzee akitazama maji, kisha bafa, kisha ndoo, na midomo yake ikacheza. Sidhani kama ni woga wa yule mama. Nadhani alimkumbuka mkewe akiinama kwenye mchanga na kibuyu.

Alizima lifti, akavua viatu, akaingia mwenyewe shimoni, na akaanza kuchota. Ndoo baada ya ndoo, akizipokeza juu, na kila mtu aliyeleta chombo alikijaza. Hakuruhusu tone limwagwe. Hajji alipata birika lake na mtungi juu yake. Wagonjwa wetu siku hiyo walibebwa ngazini na watu waliokuja na ndoo. Shimo lilipokauka alipangusa chuma kwa koti lake la buluu, akapima mafuta, akaziba ufa kwa saruji. Akina mama wa usafi hakuwaomba msamaha kwa mdomo. Aliwabebea maji yao hadi juu kabisa, akiwa amenuna, mpaka wakamwambia inatosha.

Kilichonifanya nimjue vizuri zaidi kilitokea baadaye, na kilianza kwa makosa ya Hajji. Alikuwa akihifadhi marobota ya vitambaa kwenye chumba kimoja cha ghorofa yetu. Siku hiyo alikuwa na mteja wa haraka, akawaambia vijana wake wayateremshe yote kwa safari moja. Mimi nilikuwa nikimteremsha bibi mmoja wa Muthetheni, aliyekuwa amefungwa bandeji macho yote mawili baada ya upasuaji. Tulijibana katikati ya marobota. Mlango ukafungwa.

Nilihisi tunashuka kwa uzito nisiouzoea. Taa ya ghorofa ya chini ikapita mlangoni, na hatukusimama. Niliona ukuta. Nilimshika bibi mkono. Kisha chini ya miguu yetu kitu kikatupokea. Siwezi kukieleza vinginevyo. Hakukuwa na kishindo. Lifti iliendelea kushuka kidogo, ikapunguza, ikapunguza, ikatulia. Bibi aligeuza bandeji zake upande wangu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tumefika.

Mzee alifungua mlango kwa ufunguo wake. Sakafu ya nje ilikuwa usawa wa mapaja yetu. Alimwinua yule bibi kwa mikono yote miwili akimwita mwaitu, mama yangu, akamweka kwenye kiti cha Hajji. Kisha akanigeukia. 

"Ulisikia ikisimama?"

Nilitaka kumpiga. Lakini ilinibidi niseme kweli. "Hapana, Mzee."

Alikaa chini sakafuni na kufunika uso kwa mikono. Hajji alidhani analia kwa hofu akaja kumwomba radhi. Mimi nilikuwa karibu na niliona. Alikuwa anafurahi. Miaka yote aliilisha mafuta bafa ambayo hakuna aliyewahi kuikalia, na sasa ilikuwa imejibu.

Marobota yalipoondolewa na lifti kuinuliwa kwa gurudumu la mkono, aliingia shimoni kukagua. Nilibaki kumtazama. Mle ndani ni giza mchana kutwa. Tochi ilikuwa kiunoni mwake, na hakuiwasha. Alipapasa pistoni kwa kiganja, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, na hakukitazama. Alikipitisha kati ya vidole, akahisi kwa ncha ya kidole gumba mahali mafuta yalipoishia, akakirudisha. Alipotoka alinipita ubavuni, karibu kabisa, na akaita, "Mwiitu ameenda?"

Nilikuwa nimefanya kazi na macho ya watu kwa muda wa kutosha kujua nilichokiona. Ndipo nikaelewa kwa nini siku hizo alisimama karibu hivyo na mlango.

Haikuwa rahisi kumleta kwa daktari. Alikuwa amewapandisha kwetu mamia ya watu na hakuwahi kukalia benchi letu. Alikuja jioni moja, wagonjwa wamekwisha, akakaa na kofia magotini. Daktari wetu, mama mwenye maneno machache, alimpima, akampima tena. Ilikuwa presha ya macho. Pembeni pote palikuwa pameshakufa, na kilichobaki ni katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakingerudi. Matone yangeweza kuchelewesha kilichobaki, si zaidi.

"Mzee, kuanzia kesho uache hiyo kazi," daktari alisema. "Utakanyaga pasipo na kitu."

"Daktari, hata lifti haiambiwi hivyo."

Ndipo akatuambia habari ya mwenzake. Walifanya kazi pamoja Nairobi tangu ujana. Mwenzake alistaafishwa siku ya Ijumaa, kwa mkono wa kwaheri na soda. Jumatatu akavaa ovaroli akaenda kusimama getini, na askari akamrudisha. Akaenda tena Jumanne. Msimu haukuisha kabla hawajamzika, na hakuwa na ugonjwa wowote ambao mtu aliweza kuutaja.

"Yule aligonga saruji," Mzee alisema. "Hakukuwa na mafuta chini yake. Mimi sikatai kusimama. Mimi naomba nisimame vizuri."

Sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Daktari alivua miwani, akaipangusa muda mrefu. "Kupanda juu ya lifti, hapana. Hiyo inaisha leo, na mwenye jengo utamwambia mwenyewe. Hayo mengine tutayapanga."

Wakayapanga, pale mbele yangu. Alimwambia mwenye jengo ukweli, na fundi akapatikana kutoka Nairobi wa kuja kufanya kazi za juu. Baada ya mvua za kwanza aliacha chumba cha mota, penye gurudumu la kamba linalozunguka wazi. Baadaye akaacha funguo. Shimo ndilo aliloliacha la mwisho, maana huko chini mikono ilitosha na fundi wa Nairobi alimkubalia wakiingia pamoja. Kisha akabaki na mlango na swali lake. Kisha akaletewa kiti na Hajji, akauliza akiwa amekaa. Kisha akawa anakuja siku za soko tu. Watu wa jengo walidhani ni uzee, au uvivu, wakamtania. Mimi nilimtilia matone kila alipokuja, na kila mara nilijua ni kitundu gani kimezibwa.

Kuna wiki hakuja, na ikawa ndiyo hiyo. Hakukuwa na mkono wa kwaheri wala soda.

Miaka michache mbele, sisi wenyewe tulihamia jengo la chini ng'ambo ya barabara, na mwenye jengo akaifunga lifti. Chuma chake kiliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Niliambiwa Mzee alituma neno kwa Hajji kwamba anataka kitu kimoja tu, na Hajji akakipeleka Kola kwa pikapu yake.

Nilikwenda huko mara moja, kumpelekea matone. Daktari alikuwa ameona amekaa muda mrefu bila kuyachukua. Mkewe alinipokea akiwa anapepeta pojo, akanikalisha, akaniuliza habari za watoto wote kwa majina.

"Hiyo dawa rudi nayo," alisema. "Macho yamemaliza. Tangu mavuno. Lakini yeye ako sawa, ni mimi nimeshindwa naye. Mgeni akiingia hapa, hata wa kanisa, lazima amkalishe kwa hiyo chuma yake."

Alikuwa nyuma ya nyumba, koti la buluu limefungwa vifungo vyote. Alikuwa ameisimamisha bafa kwenye saruji na kufunga ubao mpana juu ya kichwa chake, ikawa kiti. Alikuwa amekaa upande mmoja wa ubao. Alisikia hatua zangu akainua mkono.

"Nani?"

"Ni mimi, Mzee. Wa kliniki."

"Mwiitu! Kuja, kuja ukae. Mimi peke yangu haishuki, nimekuwa mwepesi. Inataka watu wawili, na huyu mama anasema ako na kazi."

Nilikaa kando yake. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha ubao ukaanza kwenda chini nasi, taratibu, na mahali fulani ndani ya chuma nikasikia mafuta yakipita. Alikuwa ameinamisha kichwa, mdomo wazi kidogo, anasikiliza. Magoti yetu yalipanda mpaka karibu na vifua, watu wazima wawili kwenye kiti cha mtoto, na mkewe akatuchekea kutoka mlangoni.

"Bado iko na mafuta mazuri," nilisema.

"Nabadilisha mimi mwenyewe."  Kisha, bila kunigeukia, akauliza kwa sauti ile ya lifti, ya chini. "Huko mjini. Walisikia nikisimama?"

Niliwafikiria watu wa jengo. Ukweli ni kwamba ilipita miezi kabla mtu hajauliza Mzee yuko wapi, na aliyeuliza alikuwa Hajji. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuficha.

"Hawakusikia, Mzee. Hakuna mtu alisikia."

Alipiga goti lake kwa kiganja. Alicheka kama nilivyomwona siku ile amekaa sakafuni, uso wote. Kisha kicheko kikaisha na akanigusa mkono.

"Na wewe?"

Nilikumbuka asubuhi zote nilizoshuka na lifti ile baada yake, mlango ukifunguka, na mimi nikijibu kimoyomoyo swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Sikuwahi kumdanganya kwa swali hilo na singeanza hapo.

"Mimi nilisikia."

 Mkono wake ulibaki juu ya wangu, mkavu, wenye ule ugumu wa chuma.

"Aiya," alisema mwishowe. "Basi kwako mafuta yalikuwa yamepungua."

Mkewe aliita kwamba chai iko tayari. Nilisimama, naye akasimama baada yangu, na nikaanza kumshika kiwiko nimwongoze ndani. Akakataa kwenda. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ubao, na ubao ulikuwa unapanda, polepole sana, peke yake.

"Ngoja kidogo," alisema. "Bado haijarudi juu."

Tukangoja.